Kifungua Mimba Naye Ana Haki: Vitabu vya Picha Juu ya Ndugu wa Nyumba Moja



Kwetu sisi, mtoto mchanga hakuwa mzigo wa mama yake peke yake. Alipozaliwa, nyumba ilijaa watu. Bibi alimkanda mzazi kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto, mashangazi walipika uji wa pilipili manga, majirani walifua nguo. Na yule mtoto mkubwa, ambaye hadi jana yake ndiye aliyekuwa mdogo wa nyumba, alichukuliwa na bibi akalala naye, akasimuliwa hadithi, akabembelezwa mpaka arobaini ikatimia. Alizungukwa na mapaja mengi ya kukalia, hata lile paja moja alilolipoteza halikumuuma sana.

Hapa Uingereza mambo ni mengine. Mama hurejea kutoka hospitali siku ya pili, na pengine siku ile ile. Baba humaliza likizo yake fupi akarudi kazini. Bibi yuko Unguja, au Mombasa, au Maskati, naye sauti yake tu ndiyo huja kwa simu. Mtoto wa miaka mitatu au minne hubaki na mama aliyechoka, na kichanga kinacholia, na mlango uliofungwa kwa sababu ya baridi. Tunamwambia, "Wewe sasa ni mkubwa." Lakini ukubwa huo hakuuomba, wala hakuna aliyemweleza faida yake.

Ndipo huanza yale ambayo wazazi wengi wa jamii yetu wanayajua: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza upya, aliyekuwa akila mwenyewe hutaka kulishwa, aliyekuwa mpole humfinya mchanga pale mama anapogeuza uso. Sisi huyaita mambo hayo utundu, aghalabu tukayatibu kwa ukali. Ila mtoto yule si mtundu. Ana huzuni, na hana maneno ya kuisemea.

Makala yetu ya mwezi huu ni juu ya jambo dogo linaloweza kusaidia, nalo ni kitabu cha picha. Hatusemi kwamba kitabu huziba nafasi ya bibi. Twasema kwamba humpa mtoto maneno, na humpa mzazi dakika kumi za kumpakata mkubwa huku mchanga amelala.

KITI KILICHOKUWA CHAKE

Tuanze na kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1967, kiitwacho Peter's Chair, yaani Kiti cha Peter. Mwandishi na mchoraji wake ni Ezra Jack Keats, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1916 na kufariki mwaka 1983. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Poland. Keats ndiye aliyemchora Peter, mtoto mweusi wa mjini, katika kitabu chake cha awali, The Snowy Day, cha mwaka 1962, ambacho mwaka uliofuata kilipata nishani ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha Marekani. Wakati ule watoto weusi walikuwa nadra mno katika vitabu vya namna hiyo.

Katika Kiti cha Peter, mtoto huyo amepata dada mdogo. Anaambiwa acheze kimya. Anaona kitanda chake cha utotoni kimepakwa rangi ya waridi, na kiti chake kirefu cha kulia chakula vile vile. Kimebaki kiti kimoja kidogo cha buluu ambacho baba hajakipaka. Peter anakinyakua, anamchukua mbwa wake, anachukua vitu vichache na picha yake ya utotoni, kisha anahama nyumba. Hafiki mbali: anaweka kambi nje ya nyumba yao. Hapo anataka kukikalia kiti chake, na hakimtoshi. Amekua.

Angalieni, wasomaji, namna mwandishi alivyofanya kazi yake. Hakuna mtu mzima anayemhubiria Peter. Hakuna anayemwambia kwamba kuwa na wivu ni vibaya. Kiti chenyewe ndicho kinachomwambia. Mwishowe mtoto anarudi ndani, anakaa katika kiti cha watu wazima karibu na baba yake, na kwa hiari yake mwenyewe anasema kwamba kile kidogo kipakwe rangi kwa ajili ya dada yake. Kukua, ambako mwanzo kulikuwa hasara, kumekuwa cheo.

Katika nyumba zetu vitu hurithishwa sana: kitanda, kibebeo, nguo, hata blanketi. Ni busara na ni uchumi. Lakini tumwombe mwenyewe kwanza. Kumpokonya mtoto kitu na kumwambia "si chako tena" si sawa na kumuuliza, "Hiki kimekuwa kidogo kwako, je, tumpe mdogo wako?"

HASIRA ISIYOPENDEZA MACHO

Baadhi ya wazazi hukhofia vitabu vinavyoonyesha mtoto akimchukia ndugu yake. Husema, "Mbona mnamfundisha asiyoyajua?" Hoja hii ina uzito, nasi hatuibezi. Hata hivyo, mtoto anayajua tayari. Hisia imo kifuani mwake kabla hatujafungua kitabu.

Mwaka 1990 Kevin Henkes, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Julius, the Baby of the World. Wahusika wake ni panya. Lilly alimpenda mdogo wake alipokuwa bado tumboni. Alipozaliwa tu, mapenzi yakakatika. Anamsema vibaya, anamtungia hadithi za kumdhalilisha, anaadhibiwa, wala habadiliki. Wazazi wake wanaendelea kumsifu mchanga na wanaendelea kumpenda Lilly pia. Kisha siku ya karamu, binamu yake anamdharau Julius kwa maneno yale yale ambayo Lilly mwenyewe alikuwa akiyatumia. Hapo Lilly anawaka moto. Anamlazimisha binamu huyo ambusu mtoto na kumsifu.

Mtu yeyote aliyekulia pwani atatabasamu, kwani wazee wetu walilisema zamani: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Ugomvi wa ndugu ni wa ndani, na mtu wa nje asiingie. Kitabu hiki kinamfikisha mtoto mdogo kwenye maana ya methali hiyo bila ya kuitaja.

Na kwa wale wanaoona haya kuzungumza na watoto habari ya wivu, tukumbuke kwamba Qur'ani Tukufu haikuona haya. Sura nzima, ya 12, inasimulia kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) na ndugu zake waliomtupa kisimani kwa sababu ya husuda, na inakifikisha kisa hicho kwenye msamaha. Mtoto aliyekwisha kuzungumza na mzazi wake juu ya Lilly na Peter atakipokea kisa cha Yusuf kwa moyo ulio wazi zaidi.

DADA MWENYE MOYO

Vitabu vya ndugu si vya wivu tu. Kipo kitabu cha Kiingereza ambacho tungependa kila familia yetu ikiazime japo mara moja. Nacho ni Dogger, cha Shirley Hughes, kilichotoka mwaka 1977 na kupata nishani ya Kate Greenaway, ambayo ilikuwa ikitolewa kwa jina hilo hapa Uingereza kwa uchoraji wa vitabu vya watoto. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2007, wasomaji walikipigia kura kuwa ndicho wakipendacho kuliko vyote vilivyopata nishani hiyo. Bibi Hughes alifariki mwaka 2022.

Dave ana mbwa wa kitambaa, kikuukuu, ambaye hawezi kulala bila yeye. Anapotea. Kesho yake, katika maonyesho ya shule, Dave anamwona mbwa wake juu ya meza ya vitu vya kuuzwa, lakini pesa zake hazitoshi. Anakimbia kumtafuta dada yake Bella. Wanaporudi, msichana mwingine amekwisha kumnunua na hataki kumtoa. Bella siku hiyo amepata katika bahati nasibu dubu mkubwa mzuri. Anamtazama mdogo wake anavyolia. Kisha anambadilishia yule msichana: dubu mpya kwa mbwa mkuukuu.

Usiku Dave anamuuliza kama amehuzunika. Bella anajibu kana kwamba si kitu: dubu yule hakumpendeza sana, na kitandani mwake hakuna nafasi. Mtoto wa miaka minne atauamini uwongo huo mdogo wa huruma. Wa miaka saba ataanza kuushuku. Na mzazi atanyamaza kidogo kabla ya kufunga kitabu. Sisi tunao msamiati wa tendo hili: ni ihsani, tena ni ihsani inayojificha ili aliyetendewa asione uzito wa deni.

Wa pili katika fungu hili ni Charlie, kijana wa vitabu vya Lauren Child. Kitabu cha kwanza, I Will Not Ever Never Eat a Tomato, kilitoka mwaka 2000 na kikapata nishani hiyo hiyo ya Greenaway. Wazazi wamemwachia Charlie kazi ya kumlisha mdogo wake Lola, naye Lola hali karoti, wala njegere, wala viazi vilivyopondwa. Charlie hamlazimishi. Anavipa vyakula majina mapya: karoti zinatoka sayari ya mbali, viazi ni mawingu ya kilele cha mlima, na kadhalika, mpaka mtoto anakula mwenyewe. Twadhani karibu kila nyumba yetu ina Charlie, kaka au dada aliyeachiwa wadogo wakati mama yuko zamu. Kitabu hiki kinamheshimu mtoto huyo na kumwonyesha kwamba hila nzuri hushinda kofi.

PERE MOJA, NA WAZAZI WASIOJUA

Tunafika sasa kwenye kitabu kinachotugusa sisi wahamiaji kwa karibu zaidi. Ni Big Red Lollipop, cha Rukhsana Khan, na picha zake ni za Sophie Blackall. Kilitoka mwaka 2010. Mwandishi alizaliwa Lahore, Pakistan, akakulia Kanada. Ni Muislamu, na kisa amekitoa katika utoto wake mwenyewe.

Rubina anaalikwa na mwenziwe wa shule kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mama yake, ambaye katika nchi aliyotoka hakuizoea desturi hiyo, haelewi ni kitu gani. Anachoelewa ni kwamba mdogo wake Rubina, Sana, analia anataka kwenda. Basi anaamuru: mchukue mdogo wako. Rubina anajua kwamba huku haifanyiki hivyo, lakini anatii. Wanakwenda. Sana anaharibu michezo. Wanarudi kila mmoja na pere kubwa nyekundu ya kijiti. Sana anaimaliza yake njiani. Rubina anaiweka yake akiba. Asubuhi anaikuta imeliwa, kimebaki kipande kidogo. Mama anamkemea nani? Anamkemea Rubina, kwa kufanya uchoyo. Na kwa muda mrefu hakuna anayemwalika tena.

Miaka inapita. Sana naye anaalikwa, na mdogo wao wa tatu, Maryam, analia anataka kwenda. Mama anatoa amri ile ile. Rubina angeweza kunyamaza na kufurahia kulipiziwa kisasi bila ya kunyoosha mkono. Badala yake anamwomba mama asimlazimishe Sana. Mama anafikiri, na anabadili uamuzi wake. Sana anarudi kutoka karamuni na pere ya rangi ya kijani, anampa dada yake.

Wapo miongoni mwetu wasiosherehekea siku za kuzaliwa, na kila nyumba ina msimamo wake. Kitabu hakimshurutishi mtu kuusherehekea. Kiini chake ni haki baina ya watoto. Mama yule si mkatili. Anashika kanuni aliyokuzwa nayo, kwamba mkubwa humwachia mdogo. Kanuni hiyo ni nzuri mpaka pale mkubwa anapokuwa ndiye mlipaji wa kila deni, kwa sababu tu alizaliwa mwanzo. Sote twaijua Hadithi ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi, naye Mtume (s.a.w.) akamuuliza baba kama amewapa watoto wake wote mfano wake, kisha akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Uadilifu huo hauishii kwenye mali. Nani hukemewa kwanza? Nani huitwa kutafsiri barua za serikali na kwenda na mama kwa daktari? Nani huambiwa "wewe mkubwa, samehe" kabla hajaulizwa kilichotokea? Maswali haya ni yetu sisi wazazi, na kitabu cha kurasa chache kinatuuliza mbele ya watoto wetu.

Kwa wenye mabinti wanaoanza kuvaa hijabu shuleni, kipo pia The Proudest Blue cha mwaka 2019, kilichoandikwa na Ibtihaj Muhammad pamoja na S. K. Ali, na kuchorwa na Hatem Aly. Ibtihaj ni mchezaji wa vitara wa Marekani aliyepata medali ya shaba pamoja na timu yake katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Msimuliaji ni Faizah, mtoto mdogo, akimtazama dada yake Asiya siku yake ya kwanza ya hijabu ya buluu. Wapo wanaomkebehi Asiya uwanjani. Lakini sisi tunaona kila kitu kwa macho ya mdogo, na macho hayo yamejaa fahari. Mkubwa akisomewa kitabu hiki hutambua kwamba yuko mtu mfupi nyuma yake anayejifunza kwake namna ya kutembea.

KAKA, DADA, MDOGO WANGU

Sasa tuseme juu ya lugha. Wazazi wengi wameliona jambo hili: mtoto wa kwanza huanza na Kiswahili kwa sababu anakisikia kwetu. Akifika shule hurudi na Kiingereza, na Kiingereza hicho ndicho anachomsemesha mdogo wake. Hivyo wa pili hukisikia Kiswahili kwa wazazi tu, na wa tatu hukielewa bila ya kukisema. Mlango ambao lugha hutokea ni maongezi ya ndugu kwa ndugu, na kupitia mlango huo huo inaweza kurudi.

Vitabu vya picha vina fadhila hapa, kwani picha hazina lugha. Mtoto asiyejua kusoma hasomi maneno, anasoma nyuso. Basi hakuna linalotuzuia kukisimulia kitabu cha Kiingereza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kuanzia twapendekeza Baby Says cha John Steptoe, cha mwaka 1988. Ndani yake mna ndugu wawili wa kiume, mmoja anajenga nyumba kwa vibao, mwingine mchanga anamrushia dubu wake ili atazamwe. Maneno yake ni machache mno, hata mzazi ambaye Kiingereza hakimkai ulimini hana udhuru.

Na tukisimulia, tutagundua utajiri wetu. Kiingereza kina neno moja la ndugu wa kiume na moja la ndugu wa kike, wala hayasemi nani mkubwa. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Bella ni dada, Dave ni mdogo wake. Charlie ni kaka, Lola ni mdogo wake. Tunaye kifungua mimba na tunaye kitinda mimba. Lugha ya zamani ilikuwa hata na neno umbu, la ndugu wa jinsia nyingine, ambalo kamusi bado zimelihifadhi. Neno ndugu lenyewe linawakumbatia hata watoto wa ami na wa khalati. Mtoto anayemwita mwenziwe kaka au dada amekwisha kutamka heshima. Na anayeitwa hivyo amekwisha kukabidhiwa dhamana.

YA KUTENDA

Kwanza, maktaba. Maktaba za umma za Uingereza huazimisha vitabu bure, na mtoto mchanga naye anaweza kupewa kadi yake. Kitabu kisipokuwapo, mwombeni mhudumu akiagize kutoka tawi jingine. Andikeni jina la kitabu na la mwandishi kama tulivyoyataja hapa. Vile vile ulizieni mpango wa Bookstart, ulioanza Birmingham mwaka 1992 kwa familia 300, wa kuwapa watoto wachanga vitabu bila malipo.

Pili, mpangilio. Kitabu cha mtoto mpya kisingoje mtoto azaliwe. Kianzwe wakati wa mimba, mkubwa akiwa bado ndiye mmiliki wa paja. Baada ya uzazi, mama anaponyonyesha, mkono mmoja hubaki huru. Huo ndio wakati wa mkubwa kukaa ubavuni na kufungua kurasa.

Tatu, tusihubiri. Kitabu kikiisha, tusiseme, "Umeona? Nawe uwe hivyo." Tuulize tu, "Unadhani Peter alihisi nini?" kisha tunyamaze. Jibu la mtoto mara nyingi halitamhusu Peter.

Nne, tuandike vyetu. Karatasi mbili za kawaida zikikunjwa katikati na kutiwa uzi hutoa kijitabu cha kurasa 8. Mkubwa achore, mzazi aandike kwa Kiswahili maneno atakayoyasema mtoto, kisha mkubwa amsimulie mdogo wake. Bibi aliye mbali apelekewe nakala, naye asikilize kwa simu kikisomwa. Vijitabu hivyo vikituijia tutavitoa nakala katika kurasa hizi kwa furaha.

Watoto wetu hawana mitaa tuliyokuwa nayo sisi, wala ua wenye binamu kumi. Siku tutakapokuwa hatupo, watakaojua nyumba hii ilinukia nini na mama alikuwa akiimba nini jikoni ni wao wawili au watatu tu. Undugu wao ni amana yetu kwa sasa, tena ni urithi wao baadaye. Tuwape basi maneno ya kuulea.

Wabillahi tawfiq.